Jina Lililoitwa Bandarini

"Adélaïde," karani aliita kutoka kwenye liste ya abiria wa Goma.

Tangu serikali ikataze majina ya kizungu, bandari nzima ya Bukavu haikuwa na Adélaïde hata mmoja.

Mama aliyesimama penye ngazi ya meli alikaza kitenge kilichombeba mtoto mgongoni. Jana, akikata tiketi, homa ya mtoto ikimuunguza mgongo, ulimi ulijikwaa. Alitaja jina la nyumbani, lile ambalo padri alimbatizia mtoto kwa siri, mlango umefungwa. Padri akijulikana, ni gereza. Meli ikimwacha, nyingine ni ya juma lijalo, na daktari yuko Goma.

Mwanamume wa chama tawala, beji kifuani, akachukua liste.

"Citoyenne," alisema, kwa neno la serikali lililochukua nafasi ya "mama", "huyu mutoto anaitwa nani?"

"Nsimire."

"Na Adélaïde ni nani?"

"Siyue, citoyen. Labda walikosea pa guichet, pale pa tiketi."

Karani alikuwa amelowesha kalamu ya risasi kwa ulimi, akingoja kuambiwa. Doa jeusi lilibaki mdomoni mwake. Mama hakuweza kutazama kitu kingine.

"Sawa," mwanamume alisema. "Andika Nsimire. Apande."

Mama akakanyaga ngazi.

Nyuma yake sauti ileile ya karani ikaita tena, safari hii polepole, kama ya mtu anayebembeleza: "Adélaïde."

Mtoto, ambaye hakuwa amefungua macho tangu juzi, akainua kichwa mgongoni, akaitika.