Jina la Maji

Sanda ilikwisha kutandazwa Bi Mgeni, mwosha maiti, alipochungulia mlangoni. "Mwalimu, tupe marashi tumnyunyizie marehemu."

Mwalimu Khatibu aliutoa kabatini mrashi wa harusi yake na marehemu mkewe Saada, akautikisa. Ulikuwa mkavu. Kila Idi Saada alimwomba aujaze, na kila Idi alimjibu, "Ngoja nimalize ukurasa huu, mke wangu."

Ukurasa wenyewe ulikuwa mezani, katika daftari lake la majina ya maua. Waridi, aliandika, tumelitoa kwa Waarabu. Waajemi waliyaita maji yake ya marashi gulabu. Wahindi wakalichukua jina hilo la maji, wakalipa ua lenyewe.

"Mwalimu, wanaume wanangoja nje."

Alichota maji mtungini, akayamimina ndani ya mrashi, akautikisa taratibu kwa mikono miwili, kama anayemwamsha mtu usingizini. Bi Mgeni akaupokea, akaunusa. Alimtazama Mwalimu usoni, kisha akarudi nao ndani.

Nyuma ya pazia matone yakaanza kudondoka juu ya sanda. Mwalimu akafumba macho, akavuta pumzi, akangoja harufu.