Msimamizi Atangulie

"Hakuna nyumba ya mtoto wetu ambayo mguu huu haujaikanyaga," alisema Pua, akaugonga mguu wenyewe sakafuni ili Mkurugenzi asiwe na shaka ni upi unaosifiwa.

Pua alikuwa msimamizi wa maafisa wa ulinzi wa watoto. Jina hilo alijipa mwenyewe, akidai ananusa uongo hata ukifungiwa sandukuni. Na asubuhi hiyo alikuwa amenusa.

"Yule binti," alinong'ona, akiashiria kwa kidevu. Nyuma ya mlango wa kioo, afisa mdogo, mpole kama maji ya mtungini, alikuwa anafunga kamba za viatu. "Anasema kila wiki anakwenda kumwona yule mtoto tuliyemrudisha kwa bibi yake. Mama, hebu vitazame viatu. Kule ni tope tupu, yeye viatu vinang'aa kama vya bwana harusi. Hizo ni ziara za kitini. Mtu anakaa, anakunywa chai, anaandika 'mtoto ana afya njema.'"

Mbinu za ziara za kitini alizijua zote. Unambadilishia mtoto rangi ya shati kila mara. Unamtia kikohozi kidogo, ripoti ipate uhai. Ukimuuliza Pua amezijulia wapi, atakwambia ni uzoefu.

Mkurugenzi, mama wa maneno machache, alivua miwani. Kesho hakimu angeamua kama mtoto abaki kwa bibi au arudishwe kwenye makao ya watoto. Ikiwa hakuna aliyekuwa akimwangalia, jibu lilikuwa moja tu, na binti naye angeanza kutafuta kazi nyingine.

"Na wewe ulifika lini?"

"Mwezi uliopita, mama. Si ndiyo kanuni? Msimamizi aone kwa macho yake. Nilimpakata mtoto kwa mikono hii hii." Mikono nayo ikatolewa, itoe ushahidi pamoja na mguu.

"Vizuri. Twende sasa hivi, bila kupiga simu. Binti akae nyuma na asiseme neno mpaka nimuulize, sitaki amkonyeze bibi wa watu. Wewe utatangulia. Unapajua."

Pua akacheka. Kicheko kilitoka kabla hakijaiva.

Garini Mkurugenzi alishika usukani. "Kushoto," Pua akaelekeza. "Hapana, kulia. Siku hizi wamezigeuza sana hizi barabara." Halafu akaanza kujisemea chini chini, kama mwanafunzi mlangoni mwa mtihani: "Baada ya tangi la maji, geti la bluu. Baada ya tangi, geti la bluu."

Tangi likatokea. Geti la bluu likatokea. Pua akashusha pumzi ya kujaza puto.

"Hapa!"

"Mama..." binti alianza.

"Sijakuuliza."

"Umemwona?" Pua akamwinamia Mkurugenzi sikioni. "Ameshaanza kutokwa jasho."

Kati ya gari na geti palikuwa na tope la kufika vifundoni. Binti alivua viatu, akavuka peku, akanawa miguu kwenye bomba la ukutani, akavaa tena. Maigizo hayo, aliwaza Pua, huku akivuta kiatu chake cha kulia ambacho tope lilikuwa limekataa kukiachia.

Hodi ya kwanza ikaitikiwa. Mama mmoja mnene, mwenye mvi, aliviangalia vitambulisho vyao vilivyoning'inia shingoni, uso ukamchanua.

"Karibuni, karibuni! Ninyi ndio wale wa msaada?"

"Ndio sisi," Pua alidakia. "Bibi, unamfahamu huyu binti?"

Mama akampandisha na kumshusha kwa macho. "Huyu? Labda kumwona akipita njiani. Humu ndani hajatia mguu hata siku moja."

Pua nusura acheze ngoma palepale. Lakini Mkurugenzi alikuwa anamtazama yeye sasa, na jicho lile halikuwa na haraka.

"Mimi je, bibi?" akauliza, sauti imepanda kidogo. "Mwezi uliopita. Nilikaa pale, tukacheka."

Mama akatazama uso wake, akatazama kitambulisho, akautazama mkoba mnono wa Mkurugenzi. Msaada haumfuati mwenye kumbukumbu mbovu.

"Weee! Nikusahau wewe, mwanangu? Si ulicheka mpaka ukatoa machozi!"

"Na mjukuu?" aliuliza Mkurugenzi.

"Yupo, alikuwa amejilaza."

Akatolewa mvulana anayefikicha macho. Pua akamrukia na kumpakata juu juu. "Ndiye huyu! Mama, tazama alivyonenepa! Amenikumbuka, maskini!"

Mtoto akaangua kilio.

Mkurugenzi alimgeukia binti. Hakupaza sauti. Alinyoosha tu kiganja. "Kitambulisho chako. Mtoto tunaondoka naye leo, hakimu nitamweleza mwenyewe kesho." Kisha akakumbuka haki ya mtu. "Una la kusema?"

Binti alikuwa ameshavua kamba shingoni. Aliangalia nyuma, kuelekea getini.

"Ninalo, mama. Ila naona linakuja lenyewe."

Kikongwe mwembamba alikuwa anaingia, amemshika mkono mvulana mwingine, ambaye alichomoka, akakimbia, akamkumbatia binti magotini.

"Mwanangu, leo mageti ya bluu yamekuchanganya, umepotelea kwa jirani?" kikongwe alisema, akihema. "Huyu amekuona ukipita, amekataa kula mpaka ufike." Halafu akamwinulia macho Pua, aliyekuwa bado amempakata mtoto anayelia. "Na huyu baba anayeliza watoto wa watu, umemtoa wapi?"