Mwanafunzi wa Bingwa

Bingwa alichukua sindano ya cherehani, akaitoboa tena tyubu ya baiskeli ambayo mkewe alikuwa ametoka kuiziba sasa hivi.

“Dakika kumi na moja,” alisema, macho kwenye saa. “Wenzako wameshafika, wameshaoga. Anza upya.”

Mkewe alipiga magoti sebuleni, katikati ya sare za shule alizokuwa akizishona kwa oda, akaanza upya. Mara ya nne alitumia dakika saba. Bingwa akaguna, na kwa Bingwa mguno ulikuwa sifa kubwa.

Jina hilo alilipata kwa haki. Miaka tisa mfululizo alikuwa wa kwanza katika mbio za baiskeli za kilomita mia na ishirini, mpaka siku lori lilipomkuta konani na kumwachia miguu isiyosikia kitu. Tangu hapo akawa mtu wa kiti cha magurudumu na dirisha. Wenzake wa chama walikuja wiki mbili za kwanza, wakapungua, kisha kimya. Naye kwa hasira akaacha kupokea simu zao. Ya miguu yalimuuma kidogo tu. Kusahauliwa ndiko kulikomla.

Kwa hiyo mkewe aliposema anataka kushiriki mbio zile mwaka huu, Bingwa alicheka mpaka akakohoa. Mwanamke wa miaka arobaini na moja, ambaye maishani mwake pedali aliyoijua ni ya cherehani! Lakini kicheko kilipokwisha, akili ikamjia. Akimfikisha huyu mwisho wa safari, mji mzima utakumbuka nani alikuwa nani.

“Nitakufundisha,” alisema. “Ila ukiniaibisha, usirudi humu ndani.”

Akamfundisha kweli, na kwa roho mbaya. Alimwita Gunia, kwa jinsi alivyokaa juu ya baiskeli. Wiki ya kwanza mama wa watu alianguka mara sita, na mara zote sita Bingwa alizihesabu kwa sauti dirishani ili majirani nao wasikie. Magoti yalipochubuka, alimwambia ngozi huota. Siku aliporudi analia baada ya kilomita arobaini, alimuuliza zile kumi zilizobaki amemwachia nani. Akamkaririsha na sheria zake: ale kabla hajasikia njaa, anywe kabla hajasikia kiu, na simu aizime. Anayepokea simu barabarani ni mpumbavu. Hata akipigiwa na mumewe, asipokee.

Kilichomshangaza Bingwa ni uvumilivu wa mwanamke yule. Huyu si ndiye aliyekuwa akinuna wiki nzima kwa neno moja? Huyu si ndiye aliyefunga begi mwaka juzi, eti anakwenda kwa mama yake ng'ambo ya mpaka, akateremshwa kwenye basi na mpwa wa Bingwa anayekata tiketi pale kituoni? Sasa alitukanwa akaitikia “Ndiyo, Bingwa,” kisha akauliza swali jingine. Mlima mrefu unapandwaje? Na ukiwa na mzigo nyuma? Bingwa akamwambia mbio hazina mizigo, lakini kama anataka kukomaa, haya. Akaagiza afunge mawe ya kilo kumi na mbili kwenye karia, na mawe yale yakazungushwa mjini mwezi mzima.

Nidhamu imemwingia, Bingwa alijiambia. Baiskeli imemnyoosha kuliko ndoa.

Asubuhi ya mbio, mkewe alimwekea chai kwenye chupa na chakula kilichofunikwa, vyote karibu na mkono wake. Kifuani alikuwa amebandika namba yake, 214. Bingwa alilibonyeza tairi kwa kidole gumba, akavuta breki, akakagua mnyororo.

“Mwendo?”

“Kilomita ishirini kwa saa. Hata nikijisikia vizuri nisiongeze.”

Kwa mara ya kwanza tangu ajali, Bingwa alimtazama kwa fahari. Nusura amwambie neno zuri.

“Usiangalie nyuma,” alisema badala yake. “Anayeangalia nyuma hupoteza mwendo.”

“Siangalii, Bingwa.”

Ilikuwa saa kumi na mbili kamili.

Siku nzima aliendesha pamoja naye kichwani. Saa mbili alimpitisha kwenye mashamba. Saa nne alimpandisha mlima, akamtukana kidogo, akamshusha. Mchana alivaa fulana yake ya ubingwa, iliyombana tumboni sasa, akamwomba jirani amsukume hadi mlangoni ili kila mpita njia amwone. Akangoja pongezi. Alijizuia kumpigia mkewe simu, maana sheria ni sheria.

Saa kumi akatokea katibu wa chama, yule yule ambaye hakuwa amekanyaga pale kwa miaka miwili. Bingwa akajiweka sawa kitini. Wamekuja. Hatimaye wamekuja wenyewe.

“Haya, niambie,” alisema hata kabla ya salamu. “Amekuwa wa ngapi?”

“Nani?”

“Mke wangu.”

Katibu akavua kofia, akaonekana kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake. “Bingwa, mbio si tuliziahirisha wiki tatu zilizopita, daraja la njia ya mbio lilipokatika? Nilimwambia mama mwenyewe, akasema atakueleza. Mimi nimekuja kukuomba uwe mwamuzi siku tutakayopanga.”

Bingwa akatazama saa. Mpaka ulikuwa kilomita mia moja kutoka pale mlangoni, na kwa mwendo aliomfundisha yeye mwenyewe, mkewe alikuwa ameuvuka tangu saa tano asubuhi.