Shairi Liitwalo Mwalimu

Saa nne na dakika kumi asubuhi, Katunge, mwanafunzi mwenye usonji, alisimama kwenye maiki mbele ya wazazi katika shule moja ya Tawa, karatasi mkononi. Mtafiti wa usonji alikuwa amerekodi vipindi vya ushairi vya darasa lake muhula mzima, akaandika kila neno lililosemwa na kila kimya kwa sekunde zake. Katunge aliomba nakala.

“Shairi langu linaitwa Mwalimu.”

Mwalimu wake wa ushairi akatabasamu, akanyoosha tai.

“Tarehe tatu Juni. Mwalimu: Wewe ni gunia la pojo, umewekwa tu hapo. Darasa: kicheko. Katunge: kimya, sekunde nne. Tarehe kumi Juni. Mwalimu: Hata mbuzi wa mama yako huitika akiitwa.”

Alisoma kwa sauti ya mwalimu mwenyewe, hata kile kikohozi chake cha mwisho wa sentensi.

“Zimeni maiki!” mwalimu alifoka. “Huyu mtoto hana maneno yake!”

Mama yake Katunge, kwenye kiti cha mbele, hakugeuka.

“Muache amalize, mwalimu. Haya si ni yako?”

Mwalimu alifungua mdomo. Katunge akatazama saa ya ukutani, akangoja, kisha akaandika mstari wa mwisho huku akiusoma.

“Mwalimu: kimya, sekunde kumi na moja.”