Uso wa Harusi

Zama hizo milango yote ya nyumbani ilifunguka kwa uso uliosajiliwa siku ya ndoa, na Mwanaidi alisajiliwa akiwa amepambwa. Tangu hapo hakuweza kuingia kwake bila wanja na poda ile ile. Hata kulala alilala nayo, maana mlango wa chumbani nao haukumjua vinginevyo.

Shida ilikuwa ngozi yake ya mafuta. Jua la Tanga likipanda kidogo tu, pua na paji la uso vilimeremeta, na mlango ukamkataa.

Mchana huo alisimama kibarazani na kapu la samaki, akajifuta kwa tishu, akapaka poda, akajifuta tena. Mlango ulipokubali, alikuwa hoi. Akaenda moja kwa moja uani, akanawa kwa sabuni mpaka uso ukabaki mtupu, unang'aa. Kisha akamfuata mumewe sebuleni, ambako hakukuwa na mlango wa kumkataa.

"Mume wangu, nimechoka. Twende wakanisajili na uso huu."

Shekue alimtazama kwa adabu, akaweka kanzu yake vizuri, halafu akageukia chumbani na kuita, "Mwanaidi! Njoo, tuna mgeni."