Azimio Alilolisoma Kasuku

Wengi huisimulia hadithi hii kwa kukosea. Mimi ninaijua sawasawa.

Wakubwa wa wanyama walikutana kwenye hoteli kongwe ya ufukweni, wakazungusha seng'enge wasisumbuliwe. Kumbe wamewazibia kaa njia ya kwenda majini.

"Rudi nyumbani, mama," Fisi mlinzi alimwambia Mama Kaa. "Wakubwa wanajadili dunia."

"Nina mayai tumboni, mwanangu. Yasipofika baharini yatakufa. Siondoki!"

Akawakusanya wenzake, wakapiga kelele siku tatu: "Ng'oeni seng'enge! Kaa wapite!" Sauti zilikauka, lakini hawakunyamaza.

Ndani, Simba alisinzia, Tembo alikula, Kiboko alimsifu Simba. Karani wao alikuwa Kasuku, ambaye kichwani mwake hubaki lile tu alilolisikia mara nyingi.

"Karani, soma azimio letu!" Simba akaamuru siku ya mwisho.

Kasuku akakohoa. "Ng'oeni seng'enge! Kaa wapite!"

Wakapiga makofi, kama kawaida yao. Tembo akagonga muhuri.

Baadaye Simba akazinduka. "Hivi tumekubaliana nini?"

"Nimeshatekeleza, mzee," Fisi akajibu, nguzo ya mwisho ya seng'enge begani.

Mama Kaa alikuwa majini, akiyaachia mayai yake.