Karatasi Thelathini na Nane

Karatasi ya kumi na moja ndiyo iliyomshtua mwalimu. Kosa lilelile. Akarudi kwenye ya kumi, akarudi kwenye ya tano, akarudi kwenye ya kwanza. Kosa lilelile, mahali palepale, utadhani zote zimeandikwa na mkono mmoja.

Swali la saba lilitaka vigawo vya x² − x − 12. Mwongozo wa usahihishaji uliolazwa mbele yake ulisema (x − 4)(x + 3). Watahiniwa hawa waliandika (x + 4)(x − 3). Namba zote ziko sawa, ila alama zimegeuzwa.

"Haya sasa," alisema, akavua miwani na kufikicha macho.

Ilikuwa siku ya tisa ya kusahihisha. Miguu ilikuwa imevimba, kiti kigumu kama adhabu, na miandiko ya watahiniwa wa nchi nzima ilishaanza kufanana machoni pake. Bahasha yenyewe haikuwa hata fungu lake. Ilihamishwa kutoka meza ya mwalimu aliyeshikwa na mgongo. Juu yake hapakuwa na jina la shule, bali namba ya siri tu. Waliosajiliwa, thelathini na tisa. Asiyefika, mmoja.

Akaendelea mpaka mwisho. Thelathini na nane, wote wamekosea namna moja.

"Msimamizi kawasomea majibu hao," alisema jirani yake wa meza, mwalimu mwembamba ambaye hata uchovu ulishindwa kumnyamazisha. "Tena kawasomea ya uongo! Kipofu kamshika mkono kipofu."

"Si jambo la kucheka, kaka."

Kwake halikuwa la kucheka hata kidogo. Wanafunzi wake mwenyewe walifanya mtihani huohuo, na walihenya. Yeye alisomea Jiografia. Hisabati ilimwangukia mwaka juzi, mwalimu wa somo alipoacha kazi na asiletwe mwingine. Alikuwa akijifunza jioni, akifundisha asubuhi. Akawatungia watoto kanuni fupifupi, wakaziimba darasani mpaka zikawakaa kichwani. Siku ya mtihani waliingia wote, isipokuwa binti mmoja, masikini, aliyeamka na homa. Leo watoto wa jasho namna hiyo wapikwe chungu kimoja na wezi? Thubutu!

"Ukiandika taarifa wanafutiwa wote," jirani akasema, safari hii bila utani. "Mwaka mzima unakwenda na maji. Na wengine hawarudi tena shule, wazazi unawajua."

"Nawajua."

Ilimuuma, kweli ilimuuma. Aliwawazia wale asiowajua, vijana thelathini na nane wakisubiri matokeo majumbani kwao. Halafu akawakumbuka wa kwake, akakaza moyo.

"Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe," alisema, akavuta fomu ya taarifa ya udanganyifu.

Akaijaza, akatia saini. Akainuka kwa kushikilia meza, akajikokota mpaka mbele alikoketi mkuu wao, mwanamume mtaratibu ambaye kwa siku zote tisa hakuna aliyemsikia akipaza sauti. Mkuu alifunua karatasi moja moja bila haraka.

"Wote?"

"Wote, mkuu. Hakuponyoka hata mmoja."

"Na hawa watoto, una hakika waliibiana?"

"Watu thelathini na nane hawawezi kukosea sawasawa hivi kwa bahati mbaya. Kuna mtu kawapa hilo jibu."

Mkuu akatikisa kichwa kukubali. "Ni kweli. Kuna mtu kawapa." Akachukua kipande cha karatasi safi. "Utaratibu unataka anayeshtaki afanye swali moja la aina hiyohiyo mbele yangu, bila mwongozo. Tusije tukawafutia watu matokeo kwa kosa tusilolielewa wenyewe." Akaandika: x² − 2x − 15.

Mwalimu nusura acheke kwa kuchoka. Siku tisa za kusahihisha watoto wa wenzake, leo na yeye anapewa jaribio! Akainama. Namba mbili zinazozaa kumi na tano: tano na tatu. Moja yao ichukue hasi. Hapo hakuwa na haja ya kufikiri. Midomo ilicheza yenyewe, kama ilivyozoea kucheza kila asubuhi akiliongoza darasa lake kuimba.

"Mnyonge ndiye mbeba mzigo," alinong'ona. "Ndogo ichukue hasi."

Akaandika (x + 5)(x − 3), akapiga mstari chini yake, akamsukumia mkuu karatasi. Akili ilishakwenda kitandani.

Mkuu aliitazama kwa muda mrefu kuliko swali lenyewe lilivyostahili.

"Tano toa tatu," alisema taratibu, "ni mbili. Mimi nimeandika hasi mbili."

Akaisogeza bahasha, akafungua orodha ya namba za siri na shule zake, ambayo yeye peke yake ndiye aliyeruhusiwa kuiona, akateremsha kidole mstari kwa mstari mpaka kikasimama.

"Mwalimu," aliuliza, bila kuinua macho, "wewe unafundisha shule gani?"